Nilimtaliki Mke Wangu Ili Apasuliwe: Bakuli la Twila

Mara ya mwisho mliniacha kwenye ngazi za mahakama ya kaunti. Mimi na Lorna tulikuwa tumetoka kuvunja ndoa yetu, na yeye alikuwa ananitengenezea kola ya shati kama vile tunaelekea harusini.

Kwa aliyeliokota gazeti hili leo hii, nitamweleza kwa ufupi. Naitwa Verlin Stroud. Ni dereva wa lori la gesi ya majumbani katika mji mdogo wa Ohio wenye mgahawa mmoja, kanisa moja la maana na taa moja ya barabarani. Mke wangu Lorna ana kilango cha moyo kisichofunga. Daktari alisema kinatengenezeka, ila lazima apasuliwe kabla baridi haijakaza.

Bosi wangu alishafuta bima ya wafanyakazi. Hospitali ikatuambia mtu anayekata roho hawamfukuzi, lakini Lorna alikuwa bado hajaanza kukata roho, kwa hiyo tulipe kwanza. Tukakimbilia bima ya serikali ya watu wasiojiweza. Huko nako wakasema mshahara wangu ni mkubwa mno. Ulikuwa mkubwa wa kutunyima bima, na mdogo wa kumlipa daktari.

Mwanasheria akatuonyesha njia iliyobaki. Lorna akiwa hana mume, basi hana mshahara, na serikali itamlipia.

Tukaachana. Niliinua mkono mbele ya hakimu nikaapa kwamba simtaki tena mwanamke ambaye asubuhi ile ile alinichemshia mayai.

Hayo mlishayasoma, na barua zenu nimeziona. Wengi mmenisifu. Mmoja ameandika kwamba mimi ni mwanamume wa kweli. Leo mtadai sifa zenu zirudi, kwa sababu sikuwaambia yaliyotokea mgahawani.

Gazeti la mji wetu, si hili mnalosoma, hutoka Alhamisi. Lina ukurasa wa mahakama unaochapisha kila kitu: nani kakamatwa akiendesha amelewa, nani kaoa, nani kaachana. Mimi na Lorna tumeusoma ukurasa ule maisha yetu yote, tunakula na kuwacheka wenzetu. Tulipanga talaka ya siri, tukamlipa mwanasheria, tukakubaliana tusimwambie mtu. Ukurasa ule tukausahau kabisa.

Ijumaa nilipoingia mgahawani kunywa kahawa, kelele zote zilizimika. Ferris Tackett, mzee anayeuza mbegu na chakula cha mifugo, akanivutia kiti.

"Keti, bwana. Pole sana."

"Asante."

"Sisi tulidhani nyie mtazikwa kaburi moja."

"Mambo hubadilika," nikasema. Ndivyo mwanasheria alivyonifundisha.

"Hayabadiliki yenyewe." Ferris akaniinamia. "Ni yeye, siyo?"

Nikavuta sukari.

"Usinifiche, mimi ni mtu mzima. Wewe si mlevi, si mkorofi, mshahara unapeleka nyumbani. Mwanamke akiacha mume kama huyo, ujue kuna mtu. Ni yule fundi wa paa, eti? Nilimwona kwenu wakati wa joto, kutwa yuko juu ya nyumba bila shati."

Hapo nilikuwa na maneno mengi ya kusema. Ningeweza kusema paa lilikuwa linavuja. Ningeweza kusema hayo ni mambo yetu ya nyumbani, kunywa kahawa yako. Badala yake nilikitazama kikombe changu, nikashusha pumzi.

Basi. Sikutamka neno. Lakini Ferris alitikisa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa picha, na nilipotaka kulipa, mhudumu akazikataa hela zangu.

"Leo weka mfukoni, Verlin," akaniambia yule mama, na macho yake yalikuwa na machozi.

Nataka niwaambie jambo baya zaidi. Nilijisikia vizuri. Tangu Lorna augue, nilikuwa mwanamume aliyeshindwa kumtibu mkewe, na kila nilipompitia mtu nilidhani analisoma hilo usoni mwangu. Sasa ghafla nilikuwa mwanamume aliyetendwa. Aliyetendwa hupewa kahawa ya bure na kupigwapigwa begani. Nilitoka mgahawani nimenyoosha mgongo.

Mwanasheria alikuwa ametuonya tusilale nyumba moja, maana watu wa bima wakisikia bado tunaishi kama mke na mume, watauliza maswali. Kwa hiyo nilikuwa nimehamia kwenye karavani bovu nyuma ya nyumba ya kaka yangu Denzil. Denzil peke yake ndiye aliyejua ukweli wetu.

Huku kwetu mtu akipatwa na msiba, wanawake wa kanisa humpelekea chakula kwenye bakuli la kuokea. Chini ya bakuli hubandika kipande cha plasta chenye jina la mwenyewe, ili bakuli lirudi kwao. Miaka yote Lorna ndiye aliyekuwa akipanga zamu.

Basi mabakuli yakaanza kuja kwangu. Yalikuja ya tambi na jibini, ya kuku na wali, ya viazi vilivyookwa kwa krimu. Yalikuja mpaka nikawa nayapanga kitandani.

"Kaka," Denzil akaniambia akichovya kidole kwenye moja, "siku ukiachwa tena nistue mapema, ninunue friji."

"Nyamaza."

"Na kule kwa shemeji yanakwenda?"

Nilijua hayaendi. Nilikuwa nakula vya moto hapa, na jioni nampelekea mke wangu mgonjwa supu ya kopo. Sikuthubutu kumpelekea yale mabakuli kwa sababu ya majina yaliyobandikwa chini.

Kisha akaja Twila.

Twila Hoskins ni mjane, na ni rafiki wa Lorna tangu wako shule. Mumewe alipofariki, Lorna alihamia kwake, akawa anamlisha kwa kijiko kama mtoto. Alikuja karavanini amepaka rangi ya mdomo, bakuli limefunikwa kwa taulo safi.

"Hodi! Shemeji upo?" Halafu akajikamata. "Au nisikuite shemeji tena? Nikuite nani sasa?"

"Verlin inatosha."

"Verlin." Akalitamka taratibu, kama anayeonja mchuzi. "Nimekuletea ile ya maharage mabichi na uyoga. Najua unaipenda."

"Anayeipenda ni Lorna."

Uso ukambadilika. "Usimtaje huyo mbele yangu! Miaka yote ananiambia moyo, ooh moyo, ngazi siwezi, nimechoka. Na mimi bwege namwombea. Kumbe moyo unakwenda mbio kwa mambo mengine!"

"Twila, Lorna anaumwa kweli."

"Muone! Mpaka leo unamtetea. Ndiyo maana nasema wanaume kama wewe wamekwisha." Akaniondolea chembe ya mkate kwenye shati, na mkono ukakawia pale. "Mwanamume kama wewe hafiki Krismasi peke yake. Shika maneno yangu."

Nikacheka. Nisameheni, lakini nilicheka, na nilimwambia asante kwa chakula.

Alipoondoka, lile bakuli likanikaa rohoni. Lorna angelipenda. Nikaligeuza, nikabandua plasta yenye jina, nikaiviringisha nikaitupa. Jua lilipozama nilikatiza shamba la mahindi hadi mlango wa nyuma wa nyumba yangu mwenyewe, nimelikumbatia bakuli, nainama kama mwizi wa kuku.

Lorna alikuwa jikoni, miguu imevimba, ameipandisha kwenye kigoda.

"Nani huyo? Mimi ni mwanamke nisiye na mume, siingizi wanaume."

"Ni mchumba wako."

"Mchumba kaleta nini?"

Nikamfunulia. Akafumba macho kwa ile harufu. Alikula haraka, na sikuwa nimemwona akila hivyo tangu majani yaanze kudondoka.

"Biskuti za chumvi zimenichosha," akasema. "Na hizo supu zako, Mungu anisamehe. Ajabu kina mama hawajapita. Nadhani wanaona haya, hawajui waseme nini."

"Huenda."

"Wangekuja tu. Si lazima mtu aseme kitu."

Nikageuza maneno. "Hospitali wamepiga?"

"Wamepiga. Ni Jumatano asubuhi. Jumanne wanaikagua bima tena, na ikiwa haina kasoro, napasuliwa." Akatabasamu. "Umefanikiwa, mzee wangu. Talaka yako imefanya kazi."

Nilitaka wakati ule usimame pale pale.

Lorna akapangusa bakuli kwa kipande cha mkate, akaliinua alipeleke kwenye sinki. Likamkaa mikononi. Akalitazama lile ua la buluu ubavuni. Akaligeuza, akapitisha kidole chini, kwenye gundi iliyobaki.

"Verlin. Hili bakuli nililinunua mimi."

Nikaanza kukusanya makombo mezani.

"Nilimpa Twila siku ya harusi yake. Lina ufa mdogo hapa, aliliangusha wiki ile ile." Akaniangalia. "Twila amekupikia wewe mzima. Mimi hajanipigia hata simu. Na wewe umebandua jina lake."

"Lorna, sikiliza..."

"Umewaambia nini watu?"

"Sijawaambia kitu."

"Sijakuuliza hicho. Wanaamini nini?"

Nikamwambia. Nilipofika kwa fundi wa paa, alicheka kwanza. "Yule kijana? Yule aliyeniangushia nyundo kwenye nyanya?" Alicheka mpaka ikabidi ashike ukingo wa meza ajikusanye. Kisha hakucheka tena.

"Aliyeanzisha ni Ferris," nikasema.

"Na wewe ulimjibu nini?"

"Nilishusha pumzi."

Akavuta kiti, akakaa.

"Ulishusha pumzi," akasema polepole. "Mimi sina pumzi ya kupandia ngazi za nyumba yangu, na wewe unayo ya kunichafulia jina."

Nililia. Kulia hakunitii aibu. Linalonitia aibu ni kwamba yeye ndiye aliyenibembeleza, mkono wake wa baridi juu ya shingo yangu, ananiambia basi, basi, utaloanisha kitambaa cha meza.

Halafu akaondoa mkono.

"Jumapili, mchungaji akiuliza nani ana ombi, utasimama. Utasema ukweli wote."

"Corinne je?"

Lazima niwaambie Corinne ni nani. Corinne Maddox anafanya kazi ofisi ya kaunti, na ndiye anayeamua nani apewe bima ya serikali na nani anyang'anywe. Faili la Lorna lilipita mikononi mwake. Na kila Jumapili Corinne huyo huyo huvaa joho akaimba kwaya katika kanisa letu.

"Akisikia kwa masikio yake kwamba talaka ilikuwa ya kupanga, atafanya nini?" nikauliza. "Ataendelea kuimba?"

"Corinne yuko Indiana kwa binti yake aliyejifungua. Harudi mpaka mwisho wa mwezi."

"Watamfikishia."

"Wamfikishie. Akirudi mimi nitakuwa nimeshashonwa."

"Kwa nini tusingoje upone? Ukipona nitazunguka mji mzima, nyumba kwa nyumba, nipige magoti."

"Na nisipoamka?"

Nikaushika mguu wake uliovimba.

"Daktari anasema wengi huamka," Lorna akasema. "Wengi, Verlin. Hakusema wote. Nikifa Jumatano, Twila ataleta bakuli kwenye matanga yangu, na atakuwa anakuangalia wewe. Watu wataimba huku wanamfikiria fundi wa paa. Nimeishi mji huu tangu kuzaliwa. Sitaki kuondoka hivyo."

"Nitasimama."

"Apa."

"Nimechoka kuapa, Lorna."

"Apa hivyo hivyo."

Nikainua mkono wangu, pale pale jikoni, na safari hii nilikuwa namaanisha.

Jumapili nilivaa tai. Twila akaja kuketi pembeni yangu bila kualikwa, akanisogezea kitabu cha nyimbo tushirikiane. Sikuinua macho. Nilikuwa nayarudia maneno yangu kichwani, nayapanga, nayapangua. Kwaya ikaimba, sikusikia wimbo gani.

Mchungaji Pruitt akashuka madhabahuni kama kawaida yake. "Nani ana shukrani? Nani ana ombi?"

Mmoja akaomba kwa ajili ya nyonga ya mama yake. Mwingine akashukuru kwa mahindi. Twila akasimama.

"Mimi naomba tumwombee Verlin, mtu mwema aliyetendwa bila kosa. Na waliomtenda, Mungu awape kuona aibu."

"Amina," watu wakaitikia, na wengi wakageuka kunitazama kwa huruma.

Nikasimama.

"Ndugu zangu, nina jambo la kusema."

"Sema, ndugu Verlin," mchungaji akanitia moyo.

"Ni kuhusu mimi na Lorna. Kuna kitu mmekiamini, na mimi niliwaacha mkiamini..."

Hapo ndipo nilipoinua macho. Mbele yangu, safu ya pili ya kwaya, amevaa joho la zambarau na amekumbatia kitabu cha nyimbo, alikuwa Corinne Maddox. Alinitabasamia. Baadaye nilisikia kwamba mama mkwe wa binti yake alikuja mapema, na nyumba haikuwa na nafasi ya mabibi wawili.

Nikaanza kuchezea tai yangu.

"Mkiamini nini?" mchungaji akauliza.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Denzil aliingia amemshika Lorna kiwiko. Lorna alikuwa amekuja kusikia jina lake likisafishwa, na alivaa gauni lake la Pasaka, ambalo sasa lilimpwaya mabegani. Watu wakaanza kunong'ona. Lorna hakuwaangalia. Aliniangalia mimi, kisha akafuata nilikokuwa naangalia mimi, mpaka kwenye kwaya.

Akamwona Corinne.

Miaka yote niliyoishi na mwanamke yule, huchukua siku nzima kuchagua pazia. Safari hii hakuchukua hata muda wa kupepesa jicho.

"Verlin, keti," akasema.

"Lorna, ngoja..."

"Nimesema keti. Nitasema mwenyewe." Akashika mgongo wa benchi la mwisho. Alikuwa anatafuta pumzi kati ya kila maneno machache. "Yote mliyoyasikia ni kweli. Mimi ndiye niliyekosa. Mtu mwenyewe hayupo mji huu, msimtafute. Verlin hana hatia. Mwombeeni yeye."

Mama mmoja akasema, "Mungu wangu." Kulikuwa na nafasi kwenye benchi letu, upande wa pili wa Twila, na nilimwona Twila akiuchukua mkoba wake chini akauweka pale, ili Lorna asije akaketi.

Mchungaji akanigeukia. Sauti yake ilikuwa imelegea. "Verlin, ulikuwa na neno?"

Ukweli ulikuwa mdomoni mwangu. Nikiutema, Corinne anausikia, na Jumatano ya Lorna inakufa. Nikiumeza, jina lake linakufa. Mtasema nilimeza kwa ajili ya Jumatano. Nami nimewaambia watu hivyo tangu siku ile. Lakini hili ni gazeti lenu na mimi nimeahidi kusema yote. Sehemu yangu fulani, ndogo na chafu, ilifurahi. Nisingelazimika kusimama mbele ya Ferris na wenzake na kuwa tena yule mwanamume aliyeshindwa kumtibu mkewe.

"Hapana, mchungaji," nikasema. "Sina neno."

Nikaketi. Twila akanishika mkono, nami sikuutoa.

Lorna akageuka kutoka. Alifika kwenye chumba kidogo cha kutundikia makoti. Tulisikia vitundikio vikianguka, vingi kwa pamoja, halafu kishindo kizito.

Nilipita juu ya magoti ya Twila. Sijui nilifikaje. Lorna alikuwa chini kati ya makoti ya watu, midomo imekuwa rangi ya majivu. Nikapiga magoti, nikamwinua kichwa. Wote walisimama mlangoni wanatazama. Mtu mmoja tu ndiye aliyewapita, akajitupa sakafuni na joho lake la zambarau, akaushika mkono mwingine wa Lorna. Alikuwa Corinne.

"Pumua, Lorna. Pumua, mama," akawa anamwambia.

Kituo cha zimamoto kiko ng'ambo ya barabara, kwa hiyo gari la wagonjwa halikuchelewa. Binti mmoja kati ya wahudumu akachuchumaa.

"Anatumia dawa gani? Kuna anayejua?"

"Ya kupunguza maji mwilini, moja asubuhi," nikasema. "Ya mapigo ya moyo, nusu asubuhi, nusu jioni, lazima ale kwanza. Ya presha wamempunguzia wiki iliyopita kwa sababu ya kizunguzungu. Penisilini inamdhuru. Sindano mchomee mkono wa kushoto, wa kulia mishipa inakimbia. Na usimlaze chali kabisa, anazama, muwekee mito."

Binti alikuwa akitikisa kichwa huku akifanya kazi. "Vizuri sana. Wewe ni nani wake?"

Corinne akainua uso akanitazama.

Lorna alikuwa amefungua macho. Hakuweza kusema. Alitikisa kichwa kidogo sana, mara moja, hapana.

"Jirani," nikasema.

"Jirani haruhusiwi kupanda. Mume yupo?"

"Hana mume."

"Ndugu?"

Binti yetu yuko Arizona. Denzil, ambaye hadi mwezi uliopita alikuwa shemeji yake, alikuwa amekimbilia gari lake kuukuu, na tuliweza kulisikia likikataa kuwaka.

"Basi hana mtu hapa," yule mhudumu akamwambia mwenzake, bila ubaya wowote. Wakambeba. Milango ikafungwa mbele ya pua yangu.

Nilibaki nimesimama kwenye changarawe na tai yangu. Twila aliniita kutoka mlangoni, "Verlin, rudi ndani, utapata baridi, si kazi yako tena hiyo!" Sikugeuka. Corinne alikuja akasimama kando yangu.

"Jirani," akasema kwa sauti ya chini. "Mimi nina jirani tumepakana ukuta tangu nijenge. Hajui hata kama natumia miwani." Akatoa ufunguo chini ya joho.

"Panda gari langu."

Nikapanda. Corinne akaketi kwenye usukani na joho lake, akafunga mkanda, akaingiza ufunguo. Hakuwasha. King'ora kilikuwa kinafifia upande wa mto, na mimi nilikuwa nimeshika kishikio cha mlango kana kwamba ningeweza kulivuta gari lenyewe.

"Corinne, tafadhali, twende."

"Tutakwenda. Lakini Jumanne hospitali watanipigia simu mimi, kuniuliza kama faili la Lorna ni safi. Mimi siwezi kuwadanganya, nina watoto nasomesha kwa kazi ile." Alikuwa anatazama barabara tupu mbele yetu. "Kwa hiyo fikiri vizuri kabla hujafungua mdomo. Usinidanganye, Verlin. Na usiniambie neno ambalo sitaweza kusema sikulisikia."

Akanigeukia.

"Yule mwanamke ni nani wako?"

Nikashusha pumzi.